Mtoto Aliyekaa Kitako

Mimi ni msusi, na kazi yangu ina jambo moja ambalo wateja wenyewe hawalifikirii. Mteja anakaa chini kwenye mto, mimi nakaa kwenye kiti nyuma yake, kichwa chake kati ya magoti yangu. Hanioni uso. Mtu asiyekuona uso anakwambia mambo ambayo hata mumewe hajawahi kuyasikia, na mkono wako ukiwa mwepesi ndiyo kabisa, anafunguka mpaka unatamani kumwambia apunguze. Nimeshika vichwa vya watu wakinisimulia ndoa zilizooza, nami naendelea kugawa nywele mistari kana kwamba tunaongelea mvua. Neno la mteja halijawahi kutoka nje ya mlango wangu. Kwa hiyo siku nilipotaka na mimi kutua mzigo, nilidhani mwenzangu naye anafuata kanuni hiyo hiyo.

Mwenzangu mwenyewe ni Mama Mchungaji. Kila Jumamosi alasiri nilikuwa namfungia mlango, nageuza kibao cha nje, maana mke wa mchungaji hawezi kukutwa na waumini nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Tulikuwa wawili tu. Tulianza kanisa pamoja, wakati tulipokuwa tukisali kwenye darasa la kupanga na kazi yetu ya Jumapili asubuhi ilikuwa kutoa madawati na kufagia chaki. Mama yangu alipofariki, ni yeye aliyelala kwangu na kunilazimisha kuoga. Ukiniuliza siku hizo nani ndugu yangu mbali na mdogo wangu, ningemtaja yeye kabla hujamaliza kuuliza.

Na mumewe alikuwa mhubiri, si mchezo. Sauti hana, umbo hana, suti zake zilimpwaya mabegani, lakini alikuwa anaweza kushika mstari mmoja wa Maandiko mwezi mzima, anauchambua kama mama anavyochambua mchele kwenye ungo, na wewe unarudi nyumbani umeshiba. Alitufundisha kwamba mtu akisema "Bwana ameniambia," tufungue Kitabu kwanza, amina tuseme baadaye. Wengine walikuwa wanasinzia. Mimi sikuwahi kusinzia.

Kisha lilifunguliwa hema la nabii ng'ambo ya barabara. Spika zake zilikuwa zinatutikisia madirisha. Wiki kwa wiki viti vyetu vikawa vinabaki vitupu, tukaanza kuwaona waimbaji wetu wenyewe wakivuka barabara na tarumbeta zao. Mchungaji alikonda. Halafu Jumapili moja, katikati ya mahubiri, alifunga Kitabu, akafumba macho, akasema anamwona mama mmoja ambaye mumewe ana nyumba nyingine mjini. Muuza mitumba akapiga kelele akaanguka chini. Jumapili iliyofuata aliona mtu aliyefukuzwa kazi na hajamwambia mkewe. Ilikuwa kweli vilevile. Watu walirudi mbio, wakaja na jirani zao, mpaka wengine wakawa wanasimama nje madirishani. Na mimi nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Muuza mitumba alikuwa mteja wangu, na kilio chake niliwahi kumgusia Mama Mchungaji humo humo ndani ya mlango wangu, ili amwombee. Mke wa yule aliyefukuzwa kazi alikuwa anakaa nyumba ya pili kutoka kwa Mama Mchungaji na alikuwa akienda kwake kuteka maji. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilikuwa nimevaa miwani ya mbao.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Tunamwita Kitinda, kwa sababu ndiye kitinda mimba wa mama, na mimi ndiye niliyemlea. Anafundisha watoto wa chekechea. Mimba yake ya kwanza iliharibika wakati mtaa mzima umeshajua, na kwa jinsi watu walivyokuwa wakimwangalia tumbo baada ya pale, aliapa ikija nyingine hatamwambia mtu mambo ya ndani. Ikaja nyingine. Tumbo lenyewe halifichiki, lakini yanayosemwa kliniki alikuwa anayajua yeye, mumewe na mimi. Shemeji ni dereva wa malori ya masafa, kwa hiyo mara nyingi tulikuwa tunabaki wawili.

Siku moja alitoka kliniki akaja moja kwa moja saluni, macho yamevimba. Nilikuwa na mteja, nikamvuta nyuma ya pazia. Aliniambia mambo hayajakaa vizuri tumboni, wanataka kumpasua wiki ijayo, Jumatano, kabla uchungu haujaanza. Alilia begani kwangu, sikumuuliza zaidi. Sikuona haja. Mama yetu alikuwa na hadithi aliyoisimulia mpaka anaingia kaburini, jinsi mimi nilivyokaa kitako tumboni na kutanguliza makalio duniani kama mtu mwenye dharau, na jinsi alivyokaribia kufa kwa ajili yangu. Kwa hiyo niliposikia mambo hayajakaa vizuri, akili yangu ilikwenda huko huko. Nikajua mtoto amekaa kitako. Nikambembeleza Kitinda, nikamwambia siku hizi upasuaji ni jambo la kawaida, akafuta machozi akaenda.

Jumamosi, nikimsuka Mama Mchungaji, nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia Kitinda anapasuliwa Jumatano, mtoto amekaa kitako, naogopa. Nikamwomba atuombee, yeye kama yeye. Aliinua mkono akanishika goti bila kugeuka, akasema, "Mdogo wako ni mdogo wangu." Nikajisikia mwepesi. Nilimsuka vizuri siku ile kuliko siku zote.

Jumapili Kitinda alikaa mstari wa tatu na tumbo lake, mimi pembeni yake. Mchungaji alihubiri kidogo tu, siku hizo mahubiri yalikuwa mafupi kama salamu, kisha akafumba macho. Akasema anaona mama mwenye mimba, ambaye siri yake haijui mtu. Anaona mtoto amekaa kitako tumboni. Anaona wanadamu wameshanoa kisu. "Lakini Bwana anasema, nimemgeuza kwa mkono wangu. Kisu hakitamgusa."

Kitinda aliteleza kutoka kwenye kiti akapiga magoti, analia na kucheka pamoja. Nikapiga magoti naye. Ndiyo, hata mimi. Niliwaza kwamba nimeomba msaada Jumamosi na Mungu amejibu Jumapili, tena mbele ya watu wote. Furaha ilinipofua kabisa.

Tulirudi kwake, nikawasha jiko, yeye akalala kwenye kochi ameshika tumbo na kutabasamu. Akasema haendi tena Jumatano. Shemeji ameshapigiwa simu huko aliko, naye amesema kama Mungu ametamka, yeye ni nani. Kisha akasema, kama mtu anayesimulia kichekesho:

"Ila dada, kuna kitu kimenishangaza. Amesema mtoto amekaa kitako. Daktari aliniambia mtoto yuko sawa, kichwa chini. Tatizo ni kondo la nyuma, limekaa chini kabisa, limeziba mlango. Alisema uchungu ukianza wenyewe nitamwaga damu. Labda Mungu kaona zaidi ya daktari."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini polepole. Hakuna mtu duniani aliyesema mtoto yule amekaa kitako isipokuwa mimi. Daktari hakusema, Kitinda hakusema, na mtoto mwenyewe hakukaa hivyo. Lilikuwa kosa langu mwenyewe, nililitoa kwenye hadithi za mama na kulipeleka kwenye kichwa kimoja tu nilichokishika Jumamosi. Na Mungu, hata nikose elimu namna gani, hawezi kuwa amekosea mahali pale pale nilipokosea mimi.

Sikumwambia Kitinda saa ile. Nilitaka kwanza wenye maneno wayafute wenyewe, maana niliona akiyasikia kutoka kwao yatamwingia kuliko kutoka kwangu. Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa Mama Mchungaji. Alikuwa anapiga pasi mashati ya mumewe, nywele nilizomsuka juzi zimetulia kichwani mwake. Nilimweleza kila kitu, kondo na damu na daktari. Nilitegemea pasi imwanguke mkononi. Aliendelea na kola ya shati.

"Mimi nampelekea mume wangu mahitaji ya watu ayaombee," alisema. "Namna Roho anavyoyatoa madhabahuni, hilo silo langu."

Nilimwambia Roho hawezi kutoa uongo wangu. Akasema nisimkufuru Mungu nyumbani kwake. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hicho ndicho kilichoniuma, kwamba aliongea nami kama anavyoongea na washirika wapya wanaouliza maswali. Miaka yote ile nilikuwa najiona ndugu, kumbe nilikuwa kisima. Wanachota kwangu, wanakwenda kunyweshea watu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimeivaa nguo hiyo kwa mapenzi.

Mumewe nilimkuta ofisini, chumba kidogo nyuma ya ukumbi, kuna feni inayolalamika na maboksi ya vipeperushi vyenye picha yake. Yeye angalau hakujifanya. Aliniambia nikae, akavua miwani, na kwa muda mfupi nilimwona yule mtu wa zamani wa suti zinazopwaya. Aliniuliza kama nakumbuka viti vilivyobaki vitupu. Alisema alihubiri Neno tupu kwa miaka, Neno halikumtosha mtu, watu wakavuka barabara kwenda kutafuta mtu wa kuwaambia majina yao.

"Kwa hiyo uliona, au uliambiwa?" nikamuuliza.

"Mungu anatumia vyombo. Kinywa cha mke wangu nacho ni chombo."

"Basi chombo kimevuja, Mchungaji. Mdogo wangu atakufa."

Akainama. Nilimwambia sitaki asimame madhabahuni ajiaibishe. Sitaki kumwambia mtu yeyote. Nilitaka simu moja tu, ampigie Kitinda amwambie aende hospitali Jumatano. Aseme Mungu anatumia madaktari, aseme lolote lile, ila aende. Alifikiri kidogo, akasema sawa, atampigia leo hii. Akanishika mkono akaniombea, na mimi nikafumba macho nikaitikia amina. Nilitoka pale nikimshukuru.

Jioni nilikwenda kwa Kitinda kabla sijafika kwangu. Alinifungulia mlango akiwa na uso unaong'aa.

"Mchungaji amenipigia, dada. Yeye mwenyewe."

Nikamwambia vizuri, amesemaje?

Akaacha kutabasamu kidogo. "Amesema nisimame imara. Amesema atakuja mtu wa karibu sana, wa damu yangu, kunivunja moyo, na nisimsikilize."

Nilikaa kwenye ngazi ya mlangoni. Nimewahi kudanganywa na wanaume, nimewahi kudanganywa na muuza nywele za bandia aliyeniuzia katani. Hasira zile zote hazikufika hata nusu ya hii. Mtu yule alinishika mkono, akaniombea, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha akaenda kutumia mlango nilioufungua mimi mwenyewe kunifungia nje ya ndugu yangu. Alijua nitakuja. Akalifanya hilo nalo kuwa unabii.

Nilimwambia Kitinda ukweli wote pale pale mlangoni. Nikamwambia habari za Jumamosi, kichwa cha Mama Mchungaji, maneno niliyoyasema. Nikamkumbusha hadithi ya mama. "Aliyekaa kitako ni mimi," nilimwambia. "Si mwanao. Huyo Mchungaji amekutabiria kuzaliwa kwangu."

Akaniambia kwamba kumbe siri yake niliitoa, kwamba alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwamini. Nikamwambia nisamehe, nipige, nifukuze, lakini Jumatano twende. Akasema Mchungaji alisema nitakuja, na nimekuja. Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Ningependa angeubamiza.

Jumanne nilirudi, hakufungua. Nilimpigia shemeji, naye akaniambia kwa adabu yote kwamba ananiheshimu kama mkwewe, lakini mambo ya imani ya mkewe nimwachie mkewe. Jumatano nilikwenda hospitali peke yangu kama mwendawazimu, nikakaa kwenye benchi la wajawazito na tumbo langu tupu, nikidhani labda atatokea. Muuguzi aliita jina lake, kisha akaliita tena, kisha akaita la mwingine.

Ijumaa, wakati nasuka, fundi viatu anayekaa karibu na Kitinda alikuja anatweta. Sikungoja amalize. Nilimwacha mteja na mistari miwili kichwani. Nilimkuta mdogo wangu sakafuni bafuni, ndoo ya nguo imepinduka, na maji ya sabuni yamechanganyika na damu mpaka mlangoni. Alikuwa bado anaongea. Alikuwa anakiri uponyaji, kwa sauti ndogo ndogo, kama mtoto anayekariri shairi la shule. Fundi viatu alimshika makwapani, mimi nikashika miguu, tukambeba hadi kwenye gari la jirani, nikimwambia Kitinda nyamaza, tunza pumzi, Mungu amekusikia, nyamaza.

Walimpasua. Mtoto wa kike alitoka akilia, mzima, kichwa kizuri cha mviringo. Damu ya mama yake haikukubali kukatika, na daktari alitoka akaniuliza mimi, kwa sababu shemeji alikuwa njiani, kama wanaruhusiwa kuondoa kizazi ili wamwokoe. Nilisema waondoe. Mtu gani angesema vingine? Lakini nilisema mimi, kwa kinywa kile kile.

Kitinda alipona polepole. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimsuka mistari mikubwa ya kulalia. Hakunigusia jambo lile, nami sikumgusia. Kanisani nilikuwa sikanyagi tena, na saluni nilikuwa nimeshamwambia Mama Mchungaji kwa ujumbe mfupi kwamba Jumamosi zangu zimejaa. Hakujibu. Nilikuwa nangoja siku mdogo wangu atakaposimama na kusema yaliyompata. Sikutaka kumsukuma. Nilijua akisema yeye, na kovu analo, hakuna wa kumwita mvunja moyo.

Alipopata nguvu aliniambia anakwenda kanisani kumtolea mtoto shukrani, na akaniomba niende naye. Nikasema moyoni, ndiyo leo. Nilivaa vizuri. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, wengine wakinipa kisogo, wengine wakinipungia mikono kwa mbali.

Mchungaji alimpokea mtoto akamwinua juu. Aliwauliza watu kama wanakumbuka Bwana alisema nini. "Kisu hakitamgusa! Angalieni mwili wa mtoto huyu. Kuna alama ya kisu?" Watu wakaitikia hakuna, hakuna, vigelegele vikapaa. Mama Mchungaji alikuwa mstari wa mbele, amesukwa na mtu mwingine, vibaya, anapepea kitambaa. Kisha wakampa Kitinda kipaza sauti. Nilisimama ili anione, ajue niko.

Aliniona. Alinitazama moja kwa moja, juu ya vichwa vyote vile, akasema anamshukuru Mungu aliyesema na akatimiza. Alisema mtoto yu mzima na mama yu mzima. Alisema amina. Habari za kizazi hakuzisema.

Nilimngoja nje, upande wa bomba la maji, ambako akina mama huoshea vikombe. Alikuja amebeba mtoto, anatembea kwa kuinama kidogo kwa sababu ya mshono. Alinipa mtoto nimshike, akajiegemeza ukutani. Nilimuuliza kitu kimoja tu. Nilimuuliza kama bado anadhani nilimdanganya siku ile mlangoni.

"Hapana," alisema. "Nilikuamini siku ile ile. Uliposema habari za mama, nilijua ni kweli."

"Na hukwenda?"

"Sikwenda. Nilisema labda Mungu ameyachukua maneno yako akayafanya yake. Nilitaka sana yawe yake, dada." Alimfunika mtoto uso kwa ncha ya kanga, jua lilikuwa kali. "Sasa nikisimama mbele za watu niseme hakuna aliyesema nami, basi kizazi changu kimekwenda kwa maneno ya saluni. Yako na yake. Nitaamkaje kila siku na hilo? Wao wananiambia Mungu aliongea na mimi. Wewe una nini cha kunipa mahali pake?"

Nilikuwa na mengi niliyoyaandaa tangu hospitali, mazuri tu, na kila moja lilikuwa kweli. Ndani ya ukumbi waliimba, na mtu akamwita kwa jina, wanataka apige picha na Mchungaji.

Akaninyooshea mikono nimpe mtoto wake. Nikampa.